Alama na madai ya mtandaoni: maswali ninayoulizwa kila wiki na wateja na wauzaji wenzangu

Nauza taa za sola na asali hapa Kampala. Mzigo mwingi unauzika kwa simu: mteja anaona picha, anatuma pesa, boda boda au basi linapeleka. Karibu kila siku mtu ananitumia picha ya kibandiko na swali lile lile: "Hii ni ya kweli?" Nimeyakusanya maswali hayo hapa pamoja na majibu ninayoyatoa, yawafae wanunuzi na wauzaji wenzangu wa Kikuubo, Busia, Arua na kwingineko.

Dai na alama si kitu kimoja?

Hapana. Dai ni neno la muuzaji mwenyewe: "asali safi", "taa inawaka masaa 12", "haina kemikali". Alama ni neno la mtu mwingine anayesema kwamba amelipima dai hilo na kulikuta kweli. Kwa hiyo alama ina uzito kuliko dai, na kwa hiyo pia inaibwa kuliko dai. Kwenye skrini ya simu vyote viwili vinaonekana sawa. Duara la kijani lenye tiki unaweza kulitengeneza kwa dakika tano, na hakuna anayekuuliza umelitoa wapi.

Kwa nini umelishikia bango jambo hili?

Kwa sababu liliniingia nyumbani. Miaka michache iliyopita niliagiza katoni ya taa kwa muuzaji wa jumla niliyemkuta mtandaoni. Tangazo lake lilikuwa na duara la dhahabu lililoandikwa "Imethibitishwa", herufi za CE, na msimbo wa QR. Sanduku lilisema taa inawaka masaa 12 kwa chaji moja. Taa ya kwanza niliiuza kwa mama mmoja wa Masindi, mwenye mtoto wa darasa la saba aliyekuwa akijiandaa kwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Siku ya pili akanipigia: "Mwanangu, taa yako imezimika kabla ya saa nne usiku, na mtoto alianza kusoma saa moja."

Nilichukua taa nyingine kutoka katoni ile ile, nikaianika juani siku nzima, nikaiwasha saa moja jioni na kukaa nayo mezani. Ilipofika saa tatu na nusu mwanga ulikuwa umefifia kama wa kibatari. Saa nne kasoro dakika kumi ukakata. Nikaskani ule msimbo: ulifungua picha ya cheti, na cheti chenyewe kilikuwa cha taa nyingine kabisa, kwani nambari ya modeli haikulingana na iliyochapwa chini ya taa. Halafu nikabandua kibandiko cha dhahabu kwa ukucha. Chini yake palikuwa na maandishi ya kiwandani: muda wa kuwaka, masaa 4.

Kiwanda kilikuwa kimesema karibu na ukweli. Kibandiko ndicho kilichoufunika. Nilipomuuliza yule muuzaji wa jumla, alinijibu kwamba kibandiko ni cha kupendezesha tu. Mama nilimpelekea taa nyingine bila malipo, lakini jioni alizopoteza mtoto wake sikuwa na namna ya kuzirudisha. Tangu hapo sibandiki kitu ambacho sikielewi, na kila anayeniuliza namwambia kwamba alama haina maana bila masharti ya pamoja nyuma yake.

Hayo "masharti ya pamoja" ni nini hasa?

Fikiria mizani. Ukienda soko la Owino kununua maharage, humjui muuzaji naye hakujui. Lakini mizani yake ikiwa na muhuri wa ukaguzi wa UNBS, shirika letu la taifa la viwango, unajua kilo yake ndiyo kilo ya Mbale na ndiyo kilo ya Gulu. Kila muuzaji angejipangia kilo yake, soko lingekufa. Alama nyingi za mtandaoni leo ziko hivyo: kila mtu na kilo yake.

Masharti ya pamoja ni makubaliano yanayotangulia alama. Kwanza, dai liandikwe kwa kipimo, maana "imara" haipimiki lakini "inawaka masaa 6 kwa mwanga kamili" inapimika. Pili, ijulikane nani amepima na sampuli ameitoa wapi. Hili la sampuli watu wanalipuuza, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote: muuzaji akijichagulia taa ya kupimwa, atapeleka iliyo bora. Tatu, alama iwe na siku ya kuisha na njia ya kunyang'anywa. Nne, pawepo daftari la wazi ambalo mimi na wewe tunaweza kulifungua bila kupitia kwa muuzaji.

Kwa taa za sola makubaliano hayo yapo. Mpango wa Benki ya Dunia na IFC, tawi lake la sekta binafsi, ulioanza kwa jina la Lighting Africa uliweka viwango vya taa na vifaa vidogo vya sola, na tangu 2020 kazi ya kupima na kuorodhesha inaendelezwa chini ya jina la VeraSol. Viwango vyenyewe sasa vimo ndani ya waraka wa IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, uitwao IEC TS 62257-9-8. Taa huchukuliwa bila kuchaguliwa na kiwanda. Muda wa kuwaka na kiasi cha mwanga kilichotangazwa haviruhusiwi kupita kilichopimwa kwa zaidi ya asilimia 15. Baada ya kuwaka masaa 2,000, taa iwe bado inatoa angalau asilimia 85 ya mwanga wake wa mwanzo. Zilizofaulu ziko kwenye orodha ya wazi, kwa jina na modeli. Ningeifungua orodha hiyo kabla ya kuagiza ile katoni, kwa dakika mbili tu, yule mama asingenipigia simu.

Herufi za CE je? Si za Ulaya?

Ni za Ulaya, na zinahusu sheria za Ulaya. Kwa bidhaa nyingi ni mtengenezaji mwenyewe anayeziweka, kama tamko lake kwamba ametimiza masharti ya huko. Peke yake, CE kwenye tangazo la Kampala haimaanishi kwamba kuna mtu huru aliyeipima bidhaa.

Alama ya Q ya UNBS inasema nini, na haisemi nini?

Inasema kwamba bidhaa fulani imekaguliwa dhidi ya kiwango fulani cha Uganda na mwenye nayo amepewa kibali cha kutumia alama. UNBS ilianzishwa kwa sheria ya 1983 na ikaanza kazi 1989, na kuitumia alama yake bila kibali ni kosa la kisheria.

Wauzaji wengi, hata waaminifu, wanakosea mahali pamoja: kibali ni cha bidhaa, hakifunguliwi juu ya kampuni nzima kama mwavuli. Ukithibitishiwa siagi ya karanga, asali yako bado haijathibitishwa. Nimeona kurasa za maduka zenye Q kubwa juu kabisa, kana kwamba kila kilicho chini yake kimepita maabara. Weka alama kando ya bidhaa yake tu, na chini yake uandike nambari ya kibali kwa maandishi ya kawaida ili mtu aweze kuinakili. Kibali kina siku ya kuisha na huhuishwa, kwa hiyo andika na tarehe. UNBS inayo orodha ya bidhaa zilizothibitishwa kwenye tovuti yake: mpe mteja jina lililoko kwenye orodha, herufi kwa herufi.

Anayeuza ng'ambo ya Malaba au Mutukula ajue pia kwamba chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 kuhusu viwango, alama za ubora za nchi wanachama zinatambuliwa na wenzao. Hayo ndiyo masharti ya pamoja yakifanya kazi: alama moja, mpaka unavukwa.

Stempu ya kodi kwenye chupa haitoshi?

Inathibitisha jambo jingine. Stempu za kidijitali za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, zilizoanza mwishoni mwa 2019, zinahusu ushuru na kufuatilia bidhaa. Ni kazi muhimu, ila usimwambie mteja kwamba stempu ya kodi ni cheti cha ubora.

"Asilia", "ya kienyeji", "kilimo hai": nani anaamua?

"Asilia" na "ya kienyeji" hazina mwamuzi. Ni maneno ya sifa. "Kilimo hai" lina mwenyewe. Mwaka 2007 Afrika Mashariki ilipitisha kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, pamoja na alama yake ya Kilimohai. Kilitungwa na vyama vya kilimo hai vya nchi zetu, NOGAMU wa Uganda wakiwemo, pamoja na mashirika ya viwango na kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Napenda kwamba alama hiyo ilipewa jina la Kiswahili. Mkulima wa Luweero na mnunuzi wa Mombasa wanalisoma neno moja na kulielewa vilevile.

Nikiandika "asali ya kilimo hai" bila kuwa ndani ya mfumo huo, nimechukua kitu cha watu waliotoka jasho. Kwa asali yangu mwenyewe naandika "kutoka mizinga ya Yumbe, imechujwa mara mbili, haikuongezwa sukari". Hayo nayajua kwa macho yangu, na mteja akitaka kuja kuona tunapochuja, anakaribishwa.

Nikiona kufuli au "https" kwenye tovuti, duka ni la kuaminika?

Hapana, na tafadhali mwambie na jirani. Kufuli linasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti ile yamefungwa, mtu wa katikati hayasomi. Tapeli naye anapata cheti cha tovuti, tena bure. Watengenezaji wa Chrome waliliona kosa hilo la watu wengi, na Septemba 2023 wakaiondoa picha ya kufuli kwenye kivinjari chao.

Hata hivyo vyeti hivyo vina somo ambalo sisi wauzaji wa asali na taa tungelichukua lilivyo. Katikati ya 2011 wadukuzi waliingia kwenye mitambo ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti vya tovuti. Wakajitengenezea vyeti vya uongo zaidi ya 500, kimojawapo cha google.com, na hicho kikatumika kuwapeleleza watu wapatao 300,000, wengi wao wakiwa Iran. Kampuni iligundua ikanyamaza kwa wiki kadhaa. Habari zilipotoka, vivinjari viliifuta kwenye orodha zao za wanaoaminika, na kabla ya Septemba kwisha ikawa imefilisika.

Angalia kilichofuata. Tangu 1 Julai 2012 watoaji vyeti wote wanaotaka kutambuliwa na vivinjari wanafuata masharti ya msingi ya pamoja, yaliyoandikwa katika jukwaa la CA/Browser Forum linalowakutanisha wao na wenye vivinjari. Tangu 2018 Chrome inadai kila cheti kipya kiandikwe kwenye daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulikagua, kwa hiyo cheti cha uongo kikitolewa leo hakina pa kujificha. Na uhai wa cheti umekuwa ukipunguzwa: zamani kiliweza kudumu miaka, 2020 ukomo ukawa siku 398, na imepangwa ufike siku 47 ifikapo Machi 2029. Masharti ya pamoja, daftari la wazi, muda mfupi. Hakuna aliyejaribu kuifanya picha ya kufuli iwe nzuri zaidi.

Msimbo wa QR kwenye kifurushi ni uthibitisho?

Msimbo wa QR ni njia, na njia inaweza kukupeleka kwa mwenye shamba au kwa mwizi. Wa kwangu mimi ulinipeleka kwenye picha ya cheti cha taa ya mtu mwingine. Ukiskani, tazama anwani inayofunguka. Ikiwa ni tovuti ya muuzaji mwenyewe, bado uko kwenye dai. Ikiwa ni daftari la aliyethibitisha, umefika kwenye alama.

Wataalamu wa wavuti wamehangaika na swali hili muda mrefu. Shirika la W3C, linalotunga viwango vya wavuti, lilitoa mfumo wa lebo uitwao PICS mwaka 1996, kisha POWDER mwaka 2009, ili mtu aweze kutamka sifa za tovuti kwa namna inayosomwa na mashine na kusema ni nani aliyetamka. Mwaka 2019 likapitisha kiwango cha hati za kidijitali zinazothibitika, na toleo la 2.0 likatoka Mei 2025. Ndani ya hati hiyo, aliyethibitisha anaweka saini ya kidijitali. Ukibadilisha herufi moja, nambari ya modeli kwa mfano, saini inakataa. Simu inaweza kuuliza pia kama hati imefutwa. Ile picha ya cheti niliyoletewa mimi, isiyo na saini ya namna hiyo, isingepita hapo hata sekunde moja. Ila nasisitiza: saini inathibitisha nani amesema na kwamba maneno hayakuguswa. Kama aliyesema hakupima kitu, umepata uongo uliotiwa saini vizuri.

Nyota tano na maoni ya wateja?

Yasome, lakini tafuta yenye jambo mahususi: lini alinunua, nini kiliharibika, muuzaji alifanya nini. Kiwango cha kimataifa kipo, ISO 20488 cha 2018, kinachoeleza jinsi maoni yanavyopaswa kukusanywa na kuchapishwa. Marekani sheria ya kupiga marufuku maoni ya kununua imeanza kazi Oktoba 2024. Kwetu, mara nyingi ni jicho lako.

Mambo haya si ya watu wa mjini wenye simu kubwa?

Mkulima ndiye anayeumia zaidi. Utafiti uliofanywa hapa Uganda na kuchapishwa 2017 ulinunua mbegu na mbolea madukani na kuzipima. Mbolea ilikosa kwa wastani asilimia 30 ya kirutubisho, na mbegu chotara za mahindi zilikadiriwa kuwa na chini ya nusu ya mbegu halisi. Kwa ubora huo, kununua pembejeo hakumlipi mkulima. Kwa hiyo anayeacha kununua si mjinga wala mzito wa kubadilika: amepiga hesabu yake sawasawa. Na muuzaji mwaminifu wa mbegu anakosa soko pamoja na tapeli, kwa kuwa mkulima hana namna ya kuwatenganisha. Biashara hiyo sasa inahamia kwenye makundi ya WhatsApp, mbegu zikiuzwa kwa picha ya mfuko.

Mimi ni mama mwenye majagi 20 ya asali kwa mwezi. Masharti haya hayatanifukuza sokoni?

Mama, hofu yako ni ya haki, na anayeipuuza hajawahi kulipia kipimo cha maabara kutoka mfukoni mwake. Masharti yakitungwa na wakubwa peke yao yanaweza kuwa ukuta. Nayasema hayo nikiwa upande wa masharti.

Njia zipo. Katika kilimo hai kuna uhakiki shirikishi: wakulima wa kundi moja, pamoja na wanunuzi wao, wanatembeleana mashambani, wanajaza fomu, wanaamua pamoja, na kundi hilo linaweza kutumia alama ya Kilimohai ndani ya Afrika Mashariki bila kulipa mkaguzi wa kutoka mbali. Kundi lenu la akina mama linaweza kuomba kibali kwa pamoja, chujio moja, chapa moja, gharama mkagawana. Kabla ya yote hayo, dai dogo lenye ukweli halina ada: tarehe ya kurina, wilaya, uzito uliopimwa kwenye mizani yenye muhuri, jina lako na namba yako. Sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2011 nayo inamtaka anayeuza mtandaoni amweleze mnunuzi yeye ni nani na anapatikana wapi. Wengi hawafanyi hata hilo. Ukilifanya, tayari umewatangulia.

Anayeuza Ulaya afanye nini?

Ajiandae sasa, hasa mwenye kahawa. Tume ya Ulaya ilipochunguza madai ya mazingira mwaka 2020 ilikuta asilimia 53 hayaeleweki, yanapotosha au hayana msingi. Ndipo ikaja sheria nambari 2024/825, inayoanza kutumika 27 Septemba 2026: lebo ya kutunza mazingira iwe imetokana na mfumo wa uthibitishaji au imewekwa na mamlaka ya umma, la sivyo haina nafasi. Lile jani la kijani tulilojichorea wenyewe kwenye mfuko wa kahawa litabaki Entebbe.

Na wakaguzi wanakaguliwa na nani?

Kuna viwango vyao pia, kama ISO/IEC 17065 kwa wanaothibitisha bidhaa, na Uganda ina UGANAS, chombo cha kuwapa ithibati, yaani kuthibitisha kwamba wanaiweza kazi hiyo. Mtu akikuuzia cheti, muulize ithibati yake ni ya nani na ni ya kazi gani. Akikasirika, ondoka.

Nimekuta alama ya uongo. Nianzie wapi?

Piga picha ya tangazo zima, anwani au jina la ukurasa lionekane, kabla hujamwandikia muuzaji, maana wengi hufuta. Tunza risiti ya pesa za simu. Halafu muulize kwa adabu: "Ndugu, nambari ya kibali ni ipi?" Mara kadhaa nimegundua kwamba muuzaji naye alidanganywa na aliyemletea mzigo, kama nilivyodanganywa mimi, na akaiondoa picha siku hiyo hiyo. Asipojibu, peleka picha zako kwa mwenye alama: Q kwa UNBS, dawa kwa Mamlaka ya Dawa ya Taifa, stempu kwa URA. Mwenye alama ndiye anayeweza kuinyang'anya.

Na kibandiko chenyewe usikitupe. Kile cha dhahabu nimekihifadhi kwenye droo, pamoja na taa yake. Mteja akiniuliza kwa nini tovuti yangu haina duara linalong'aa, namwonyesha vyote viwili.